Nyaya za Meno Zimemhamisha Mume Wangu Kitandani

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nimekukimbilia wewe, machozi yananitoka na kicheko kinanitoka, nisaidie kabla mume wangu hajang'olewa meno na fundi baiskeli.

Mume wangu Telesphor ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda na ni mwanakwaya, meno yake ya mbele yalipandana tangu utotoni, basi kaka yake wa Dar akampeleka kwa daktari wa meno akafungwa zile nyaya za kunyoosha, akarudi na treni anacheka njia nzima, wanafunzi wakambatiza Mwalimu Seng'enge naye akaona sifa, lakini mshauri, daktari alimwambia asafishe kila usiku kabla ya kulala na yeye anasema mswaki ni wa asubuhi, eti baba yake alipiga mswaki wa mti asubuhi tu akazikwa na meno yote, na kwa kuwa kwao ni warina asali wa Ugalla, jioni anatafuna sega na nta yake, juu ya nta anashindilia kisamvu na dagaa, halafu anapanda kitandani anataka nimgeukie. Mshauri, ile harufu! Nikawa nalala nimeutazama ukuta, akaniuliza, "Mama Pacifique, kuna mwanaume mwingine?" nikasema hapana, nimechoka na kulima, maana niliona aibu kumwambia mwalimu mzima kwamba mdomo unanuka, badala yake nikaenda kumwambia jirani yangu Natalia bombani, tena nikaigiza anavyonipumulia, tukacheka mpaka ndoo zikafurika.

Natalia hakuitunza siri hiyo hata kufika jioni. Jumapili kwaya ilipopanga mstari, wenzake wa sauti ya nne wakasogea pembeni, mmoja akamwambia, "Mwalimu, leo imbia dirishani." Mume wangu alirudi nyumbani, akaniuliza, "Ni wewe?" Nikashindwa kukana. Akachukua shuka akahamia kwa mama yake Majengo, na sasa amepatana na fundi baiskeli azikate hizo nyaya kwa koleo kabla ya Pasaka. Mama mkwe anasema nimemharibia mtoto. Nimfuate, au ningoje apoe? Tafadhali nifichie jina.

Mama Pacifique, Kawajense

*

Marahaba, Mama Pacifique. Majina yenu nimeyabadilisha, ila sidhani kama Mpanda kuna waume wawili wenye seng'enge mdomoni, kwa hiyo siri yako iko salama kama maji kwenye pakacha.

Pole, mwanangu. Kulala pua imegusa ukuta si maisha. Lakini ulimi ulikuwa nao bombani, kitandani ukawa bubu? Mwenzio alikuuliza waziwazi, ukasingizia jembe, akabaki anamtafuta mgoni. Halafu Natalia ndiye uliyemwona daktari wa meno!

Na wewe Telesphor, maana najua watakusomea gazeti hili kabla hujalinunua: marehemu baba yako hakuwa na nyaya. Chakula kikinasa humo kinalala nawe hadi asubuhi, kinaozesha jino na kukuachia ufizi unaotoka damu. Utanyooshewa meno mabovu, faida gani?

Mama Pacifique, nenda Majengo leo. Msalimie mama mkwe kwa magoti, kisha umwambie mumeo mbele yake: "Nilikosa kukucheka kwa watu. Mdomo wako unanuka, nami nataka urudi nyumbani." Yote matatu, usimeze hata moja. Koleo lirudi kwenye baiskeli. Nyaya zikivutwa hivyo zinaweza kuondoka na kipande cha jino. Akizichoka, aliyezifunga ndiye azifungue.

Akisharudi, kila usiku mkimaliza kula, asukutue kwa maji mabaki yatoke. Achukue mswaki laini na dawa ya meno, apitishe juu ya waya, kisha chini yake, jino moja moja, bila kusahau ufizi. Panapobana apenyeze uzi nyuma ya waya taratibu, wewe umshikie kioo. Baada ya hapo ni maji tu mpaka asubuhi. Sega marufuku. Asali aweke kwenye chai, mapema, kabla ya mswaki.

Akivuta uvivu, mwambie palepale, "Mwalimu, bado," umrudishe uani. Akirudi safi, funga mlango. Hapo hamnihitaji tena.