Mstari wa Vumbi Kitandani kwa Mama

Jumatatu, 4 Julai 2011
Ubavu wa kushoto umekwisha. Magunia kwanza, sponji juu yake, kisha plaiwudi. Gundi imenigandisha vidole, naandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Gari hili lilikuwa la kubebea mikate mjini Mbarara. Injini ikafa, Hajji Sulaiti akanipa bodi baada ya kumtengenezea rafu za duka. Trekta ikalivuta mpaka hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi. Majirani walicheka. Wacheke. Litakuwa chumba cha Mama. Kifua chake hakiwezi tena vumbi la nyumba yetu ya udongo, na daktari wa mjini alisema wazi: vumbi likiendelea, hatamaliza mwaka.

Jumatano, 6 Julai
Paa. Shingo inauma. Nimebandika karatasi za alumini, mle ndani panang'aa kama sufuria mpya. Madirisha sikuweka. Dirisha ni mlango wa vumbi. Zawadi, mke wangu, alisimama nje, mikono kiunoni. "Hii motokari haina pua. Itapumulia wapi?" Nikamuuliza tangu lini magari yakawa na pua. Hakucheka.

Alhamisi, 7 Julai
Jana nilitandika shuka jeupe kitandani mwa Mama ili nipime kazi yangu. Asubuhi nimekuta mstari mwembamba wa vumbi katikati, kama mtu amechora kwa kidole. Kuna tundu mahali. Nimekasirika siku nzima.

Jumamosi, 9 Julai
Gundi haikauki kwa baridi hii. Nikaingiza jiko la makaa, nikafunga mlango, nikaenda kuteka maji. Foleni ilikuwa ndefu. Kurudi, kuku wa Zawadi yuko chini ya kitanda, amekufa. Kumbe aliingia kutaga. Hana jeraha. Nilipoinama kumtoa kichwa kilinigonga, nikatoka nje haraka. Gundi za siku hizi ni sumu. Zawadi amekataa kumpika. Kamzika nyuma ya choo.

Jumatatu, 11 Julai
Mstari tena. Mama amekohoa tangu alfajiri. Niliona damu kwenye kitenge chake, akakikunja haraka. Tukajifanya hatukuonana. Ninaogopa.

Jumanne, 12 Julai
Mbarara, kutafuta mpira mnene wa mlango. Nikapita dukani kwa Hajji, nikamweleza habari za tundu. Akasema, "Wewe ziba tu yote. Hapana acha hata tundu ya sindano." Huyo ndiye mtu. Siyo wa kuniuliza habari za pua.

Jumatano, 13 Julai
Nimelipata. Nilifunga mlango, nikazunguka kuta na mshumaa, polepole. Nyuma ya tairi la kulia moto ukainama. Ni tundu la bolti iliyoshika rafu ya mikate, kidole changu cha mwisho hakiingii. Nikajaza sponji, gundi, nikapigilia kipande cha bati. Mshumaa ukasimama wima. Nilikaa nikiutazama kwa raha. Kimya kabisa mle ndani. Hata redio ya jirani haikusikika.

Ijumaa, 15 Julai
Shuka safi, siku ya pili. Mama amepapasa kuta, amecheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Lakini halali humo kabla ya kuhamisha moto. Ni desturi yetu kule milimani tulikotoka: mwanamke mzee wa nyumba hubeba makaa kutoka jiko la zamani, hukaa nayo peke yake katika nyumba mpya, mlango umefungwa, mpaka yawe majivu. Haitwi. Anayemwita huita msiba. Zawadi anataka mlango uachwe wazi kidogo. Ametaja tena kuku. Nimemkaripia mbele ya Mama. Mambo ya wazee hayapunguzwi. Itakuwa Jumapili, baada ya ibada.

Jumapili, 17 Julai
Mama amekufa.

Jumanne, 19 Julai
Tulimzika jana. Niandike, nisije nikajidanganya baadaye.

Aliingia jua likiwa juu. Kitenge kipya, jiko mikononi. Hakukubali nimsaidie kulibeba. Alisema, "Funga mulango, mutoto wangu. Moto inapaswa ijue nyumba." Nikafunga. Kisha nikausukuma tena kwa bega ili mpira ukae sawasawa.

Tuliketi nje. Alikohoa mara mbili, tatu, kisha hakukohoa tena. Nilifurahi. Nilimwambia Zawadi, unasikia? Kifua kimepona. Aliinuka kwenda kufungua, nikamkalisha. Akainuka tena, nikamshika mkono. Mara ya tatu alinisukuma nikaanguka, akafungua.

Mama alikuwa ameegemea ukuta kama aliyesinzia. Shuka halikuwa hata na kikunjo.

Muuguzi ameeleza. Makaa, na hewa haina pa kupita. Mama alihamisha moto katika nyumba tatu maishani mwake, zote za udongo na nyasi. Upepo ulipita kila pahali, ndiyo maana hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kufa kwa desturi hii. Ya nne nilimjengea mimi. Kuku alikwisha kuniambia. Nikaisingizia gundi.

Ijumaa, 22 Julai
Hajji ametuma rambirambi na mchele. Zawadi hajanilaumu. Kuna alama za vidole vyangu mkononi mwake.

Jumapili, 24 Julai
Jana niling'oa bati nyuma ya tairi. Nikachokoa gundi, nikavuta sponji yote. Nikafunga mlango, nikaenda zangu.

Leo asubuhi nimefungua. Mstari wa vumbi umerudi kitandani, kutoka miguuni hadi kichwani. Zawadi alileta chai, tukakaa kwenye kizingiti. Sikuupangusa.