Karatasi ya Pili ya Kifaru

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ikiwezekana kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi asubuhi mama anakwenda kununua gari, na gari lenyewe nimemchagulia mimi bila yeye kujua.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita na nina aibu kiasi kwamba mtu akinikanyaga mguu mimi ndiye ninayeomba samahani. Lakini nyumbani nina cheo, ni msomaji. Mama na baba wanasoma Kiswahili vizuri tu, ila kila karatasi ya Kiingereza inayoingia, iwe ya dawa, ya pasi au ya mashine ya kutotolea mayai, naitwa sebuleni, nasimama karibu na cherehani ya baba, nasoma na kufasiri sentensi kwa sentensi, na cha ajabu hapo aibu hainipati, labda kwa sababu maneno si yangu.

Mama anauza vifaranga wa siku moja. Lazima wafike kwa wafugaji kabla jua halijawa kali, na wafugaji wengi wako ng'ambo ya kilima cha udongo mwekundu na mto usio na daraja. Gari letu la sasa ni dogo, la chini, na limechoka. Kila asubuhi mama ananishusha shuleni, na kila asubuhi linazimika pale pale getini, boksi za vifaranga zikipiga kelele ndani, pii pii pii, shule nzima imesimama mstarini inatazama. Mwalimu wa zamu ameshaliingiza kwenye ratiba: kidato cha pili wafagie uwanja, kidato cha tatu wasukume gari. Mimi niko kidato cha tatu. Jina langu shuleni ni Sukuma, hata mwalimu wa Jiografia siku moja aliniita hivyo kwenye mahudhurio, na niliitika.

Sasa yamebaki magari mawili ya kuchagua, yote mitumba, yote fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. La kwanza tumelipa jina la Kifaru: refu, jeusi, lina winchi mbele, ile kamba ya chuma ya kujivuta, difu zake zinafungwa likikwama ili magurudumu yote yazunguke pamoja, na pembeni lina bomba la kupumulia lililopanda hadi juu ya paa kama mkonga. La pili ni Punda: rangi ya vumbi, tumbo karibu na ardhi, halina winchi wala mkonga, na sura yake ni kama linaomba radhi. Siku tuliyokwenda kumwona Kifaru nilikaa kiti cha mbele, nikaona mapaa ya maduka, mshauri, nikajiona nashuka getini taratibu na hakuna mtu anayesukuma kitu.

Mama alimwomba fundi mkaguzi, mzee anayeandika kwa Kiingereza kwa sababu anasema ndivyo alivyofundishwa injini, ayakague, naye akanipa mimi bahasha yenye karatasi mbili za kila gari, ya kwanza uwezo wake kwenye njia mbaya, ya pili uimara wake. Jumapili nikasimama penye cherehani. Nikasoma ya kwanza ya Kifaru, baba akapiga makofi. Nikasoma ya kwanza ya Punda, baba akasema, "Hilo si gari, hilo ni meza." Kisha nikapitisha macho kwenye karatasi ya pili ya Kifaru: gia boksi inavuja, injini imeshafunguliwa mara mbili, linachemka likipanda mlima mrefu, spea zinaagizwa kwa meli, wiki sita. Ya Punda ilikuwa na mistari mitatu: linawaka mara moja, injini haijawahi kuguswa, spea zipo kila duka.

Mama akauliza, "Ndiyo yote?"

Nikasema, "Ndiyo yote, mama."

"Hakuna ubaya wowote alioandika?"

"Anasema Kifaru anakunywa mafuta."

"Mwili wote ule, asinywe?" baba akadakia, tukacheka, na mimi nikacheka nao.

Karatasi za pili ziko ndani ya kitabu changu cha Kemia. Baba ameshakata kitambaa chekundu cha viti vya Kifaru, na kwenye kiti cha dereva ameanza kudarizi pembe. Mama kila akipita ananishika bega, "Bila wewe, mwanangu, ningenunua gizani." Mwaka jana gari lilimzimikia katikati ya kilima, akarudi jioni na boksi kumi zimenyamaza, alizishusha mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Nafikiria hilo kila nikifungua Kemia. Lakini pia Kifaru kweli anapita matope, na mto kweli upo, kwa hiyo huenda sijakosea sana? Nifanye nini, na nitawezaje kukifanya bila kuongea?

Msomaji wa Nyumba

Mshauri anajibu:

Msomaji, pole. Kusukuma gari la mama yako huku shule nzima ikihesabu moja, mbili, tatu, si jambo dogo, na huyo mwalimu wa zamu ningependa tumsukume yeye. Haya, pole imekwisha.

Umedanganya. Usijifariji kwamba ulinyamaza tu. "Ndiyo yote, mama" ni maneno matatu, na la kweli hapo ni "mama" peke yake.

Unaniuliza kuhusu matope na mto. Swali zuri, ila umekosea mtu. Lilikuwa la mwenye vifaranga. Mimi si fundi, lakini hili nalijua: matope yana msimu, kuwaka ni kila siku. Mto ukijaa, mama yako atauona kabla hajaingia, atageuza. Gari linalochemka katikati ya kilima halipigi hodi. Punda mnaweza kumfunga matairi ya matope, mkamtupia koleo na kamba nene nyuma, akapita pengi. Kifaru utamfunga nini ili awe mwaminifu? Na hizo wiki sita za kungoja meli, binti, unadhani getini mtafika na nini? Na kile kigari chenu. Tena siku Kifaru mwenyewe akizimika pale, kidato chote hakitoshi, itabidi trekta lije kumvuta. Umekimbia kuitwa Sukuma, utaitwa Vuta.

Hata hivyo, mama yako anaweza kusikia yote na bado akamtaka Kifaru. Njia ile anaijua kuliko mimi na wewe. Akichagua akijua, ni shauri lake. Akichagua kwa karatasi ulizomfichia, siku boksi zitakaporudi zimenyamaza hutakuwa na pa kuweka uso, na kitabu cha Kemia hakitakutosha kujificha. Tena usisahau yule mzee mkaguzi ana Kiswahili pia, na Jumamosi anaweza kusimama palepale kwenye gari. Usingoje asikike yeye kwanza.

Fanya hivi, na ufanye leo, maana kila jioni baba yako anaongeza pembe. Usiandae hotuba, huna, na hutaipata kabla ya Jumamosi. Toa zile karatasi. Simama pale pale penye cherehani, mahali ambapo aibu haikufikii. Sema maneno matatu tu ya kwako: "Zilibaki karatasi mbili." Kisha soma, sentensi kwa sentensi, na usishushe sauti ukifika kwenye gia boksi. Mama akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Baba akishika kichwa, mwambie kitambaa chekundu kitamfaa Punda pia, na pembe ukizipinda kidogo zinakuwa masikio.

Ukimaliza, mama atakuuliza tena, "Ndiyo yote?" Safari hii usijibu ndiyo. Mwambie jina unaloitwa shuleni, maana yeye huondoka gari likishawaka, na nina hakika hajawahi kulisikia jina hilo. Hiyo ndiyo karatasi ya tatu. Hakuna fundi aliyeiandika, na wala haihitaji kufasiriwa.