Nilisugua Vibati vya Kabula

Mpendwa mshauri, nakusalimu, mwadila, mimi ni mama wa Mwandoya, shule niliishia la tatu, naomba unisaidie maana hata ugali haupiti. Binti yangu Kabula ni mwalimu, anakusanya vile vibati vya zamani ambavyo wenye maduka walikata wakagonga alama zao wakati wa vita ya Hitla, sarafu zilipoadimika, wakawa wanawapa watu kama chenji. Amezunguka kwa wazee mpaka Kasoli akapata kumi na viwili, na mwezi ujao mtu wa makumbusho anakuja Bariadi kuviona, sasa mimi nikaona vimeshika weusi, nikasema mwanangu asiaibike, nikavisugua kwa majivu na stilwaya vikang'aa kama sufuria mpya, kumbe na alama zinaondoka.

Kabula alipofungua kopo la vibati alikaa chini. "Mayu, nani ameviosha?" Nikanyamaza. Akamgeukia wifi yake Gloria, mke wa mwanangu Limbu: "Wewe na usafi wako." Gloria akasema, "Miaka miwili nawaoshea vyombo, leo naitwa mharibifu," na sasa anasema pamba ikiisha kuchumwa anarudi kwao Lingeka, na mimi bado nimenyamaza. Kimebaki kibati kimoja cha bibi yangu, kimefungwa kwenye kibuyu cha maziwa, cheusi kwa moshi, nataka kumpa Kabula, je, nikisugue kidogo tu?

Mama Kabula, Mwandoya

Mama Kabula, weka hiyo stilwaya chini. Usikisugue, hata kwa kanga. Weusi huo ndio umri wake, na mwanao amekitafuta nyumba za watu kumbe kiko jikoni kwako.

Ulisugua kwa mapenzi, nakuelewa, mama yangu naye angesugua. Kinachoniudhi ni huko kunyamaza. Gloria amebeba kosa lako na wewe unamwangalia. Leo hii waite wote watatu, umtazame Gloria, useme, "Ni mimi." Usianze na weusi wala nia njema. Kabula atakasirika, mwache akasirike.

Akimaliza, mpe kibuyu na kamba yake, umweleze bibi yako alikipata kibati hicho duka la nani, aandike. Vile kumi na viwili asivitupe. Wazee waliompa bado wanakumbuka alama zilizokuwepo, arudi kwao awaulize, na aende Bariadi na vyote.

Na siku hiyo kibuyu akibebe Gloria. Mikono yako tumeshaijua.

Dada Felisita