Mgeni wa Kwenye Kompyuta

Jumanne, 4 Machi

Jumatatu wanampasua mama koo. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi — daktari kasema hivyo hivyo, huku anatafuta kalamu yake!  Tulipofika nyumbani mama akaniomba nimrekodi ule wimbo aliokuwa akitubembelezea. Nikamwambia kesho.

Lakini si kwa ile programu ya bure ya kwenye simu. Kazi hii si ya kuchezea! Mzee wa Besi, rafiki yangu mwenye studio, anasema watu makini wanatumia ile kubwa, ya bei mbaya. Kaniwekea toleo la majaribio kwenye kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi

Bado. Vitufe vyake vingi kuliko vifungo vya makoti yote niliyoshona. Nimechagua mwangwi, nikabadilisha, nikabadilisha tena. Kichwa kinaniuma. Cherehani imelala, wateja wananuna. Mama kachungulia: mgeni wako ameamka? Ndivyo anavyoiita, mgeni. Nakaribia, mama. Kacheka, kakohoa.

Zamani nilikuwa nagonga mkasi mezani, simu inarekodi, na wimbo umeisha kabla chai haijapoa. Wimbo mbovu! Lakini nilikuwa nacheka peke yangu. Siku hizi nakunja uso tu.

Ijumaa, 7 Machi

Hola, hakuna kitu. Mzee wa Besi anasema tatizo ni maikrofoni. Maikrofoni! Nimemkatia simu.

Jumapili, 9 Machi — asubuhi

Tumerekodi! Mama kaimba amesimama, mkono kifuani. Nimemkatiza mara kibao — sogea, rudia, usihemee kwenye maikrofoni. Imetoka safi mpaka naogopa.

Mchana

Haihifadhi. Toleo la majaribio halihifadhi kazi! Limeniambia lenyewe, kwa adabu zote, nilipobonyeza. Nikawa nahangaika kumpigia Mzee wa Besi, umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ilishakufa zamani. Kwisha kazi.

Nimelia. Mtu mzima, nimelia juu ya suruali ya mteja.

Nikamwendea mama, nikijua atanifokea. Kasema afadhali — mgeni wako alikuwa ananikata maneno, nikawa kama nahojiwa na polisi. Lete simu. Na mkasi wako.

Nikasema, mama, sauti imeshachoka. Akasema ndiyo hiyo aliyonayo.

Jioni

Simu iko mezani, inarekodi hata sasa ninapoandika. Kaimba ule wetu, mimi na mkasi. Kaimba mwingine nisioujua, kasahau maneno, kaweka matusi mahali pake. Tumecheka mpaka mkasi ukaanguka — na wenyewe umo humo! Jirani kagonga ukuta, naye yumo. Sijacheka hivi wiki nzima. Naogopa kesho, naogopa sana.

Ameomba maji. Anakunywa taratibu, ananitazama, anauliza kama bado inarekodi.

Bado, mama.

Anakohoa. Sizimi.