Juma la Kusoma Bila Wewe, Baba

Sumbawanga

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama hapo Maneromango na mgongo haukusumbui. Mimi mzima, ila baridi ya huku, Baba, acha tu. Uji wa wanafunzi naukoroga nimevaa masweta mawili.

Juma lililopita shule ilifungwa, jiko likapoa, na mwalimu wa Kiswahili akaniazima riwaya tatu. Nikasoma juma zima, na nakwambia kweli, sikufaidi. Mtu wa kitabuni akifanya upuuzi, najikuta nakusubiri umkaripie. Unakumbuka? Ninyi barazani mnachambua korosho, mimi nasoma kwa sauti kwa kuwa msomaji hachambui, nawe unanikatiza ugombane nao: "Huyo bwana harusi mwongo, mwambieni binti akimbie!" Mama anakuuliza binti atakusikia wapi. Siku ya pili nilikukumbuka mpaka nikalia, mtu mzima mimi.

Ndiyo maana maneno ya Mama kwenye simu yameniuma. Anasema tangu macho yaingie giza huendi tena barazani, vitabu umeamuru vifungiwe, na Mwajuma, mke wa kaka, akitaka kukusomea unamfukuza. Eti anasoma kama gari la Maneromango wakati wa masika, kila hatua anakwama. Haya, na mimi nilianzaje? Nikiwa darasa la tatu, ukurasa mmoja ulinichukua jioni nzima, nawe ulisema tu, "Endelea mama, tupo."

Daktari kasema macho hayarudi, na hilo tumwachie Mungu. Lakini masikio unayo, na ulimi wa kugombana unao. Ukivifunga na hivyo, nitakuwa nimekupoteza ungali hai, nami hilo siliwezi.

Nisalimie Mama, mwambie bado namdai kisamvu cha nazi. Kaka asichoke na shamba. Shangazi wa genge pale Maili Moja, Kibaha, akipita, mwambieni simu zangu apokee, aache maringo.

Neno la mwisho. Nilimwomba Mama barua hii asipewe mtu mwingine kuisoma ila huyu anayekusomea sasa. Najua sauti ya Mwajuma uliitambua tangu shikamoo, na hukumfukuza. Amekwama mara ngapi sijui, Baba, lakini mmefika mwisho pamoja.

Mwanao akupendaye,
Saumu