Vema Saba, Bendeji Moja

Wodi ya wanawake, kitanda cha sita
9 Machi

Mjukuu wangu,

Wauguzi hamna haya! Na wewe umo, sare ni ileile. Haya, hujambo? Mtoto hajambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Kidonda changu cha sukari kinatakiwa kioshwe kila asubuhi, nifungwe bendeji mpya. Jumatatu iliyopita waliponifunga, nilichora mstari wa kalamu juu yake. Leo Jumatatu nyingine mstari uko palepale, umezungukwa na maji ya kijani yanayonuka mpaka jirani yangu kageukia ukutani. Wanaonihudumia kwa bidii ni inzi. Darasa la pili nililoishia lilinifundisha kuhesabu: kwenye faili, tangu siku ile, kuna alama za vema saba, kwamba nimeoshwa.

Nikamwuliza muuguzi wa zamu, "Mwanangu, hizi saba ni za mguu wa nani?"

"Bibi, hilo faili, si gazeti."

Akaendelea kutafuna karanga kwa mkono uleule uliomwaga beseni la mkojo. Ptuu!

Kazi hii unaijua. Wanasahau, au wananidharau?

Bibi yako

14 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole sana na mguu. Sisi wazima, mtoto kaota meno mawili.

Bibi, hawakudharau. Huku kwangu pia, tukiingia zamu tunaweka vema kwenye mafaili yote kwanza, kazi baadaye. Msimamizi anapita mapema, anakagua mafaili, hakagui vidonda. Wagonjwa arobaini, sisi wawili. Siku nyingine tunawafikia wote, siku nyingine hatuwafikii. Hata mimi.

Tafadhali usigombane nao, watakununia. Vumilia, mwezi ujao nina likizo, nitakuja nikuoshe mwenyewe.

Mjukuu wako, mke mwenzio

24 Machi

Wewe,

Shikamoo yako sijaipokea.

Uliniambia nisigombane, nikanyamaza. Mimi, nikanyamaza! Juma lililopita daktari mgeni alifungua bendeji, akarudi nyuma hatua mbili, pua kaificha kwenye kiwiko. Kidondani mlikuwa na funza. Funza, na mimi ni mzima nawatazama! Akashika faili: vema kumi na sita, zimepangwa vizuri kama shanga. "Si kilikuwa kinaoshwa?" akawauliza wauguzi.

"Kilioshwa kwa wino," nikamwambia.

Wamenikata chini ya goti.

Funza hawakunichefua kama wewe. Funza hawakusomea. "Hata mimi," umeandika, kama mtu anayesema hata yeye hupenda chai! Nimekubeba mgongoni, nimekuosha mavi yako siku ambazo hakuna msimamizi aliyepita.

Likizoni usije. Cha kuosha hakipo tena.

Kesho ukiingia zamu, kalamu ibaki mfukoni. Nenda kwa yule asiyetembelewa na ndugu, unamjua, hakosekani wodini. Mfungue. Akinuka, usigeuze uso. Mwoshe mpaka nyama ionekane nyekundu, mfunge, mwulize kalalaje, na umsikilize akijibu. Msimamizi akifoka, afoke. Ndipo utie vema, moja, ya huyo mmoja, halafu uende kwa wa pili.

Bibi yako