Mahitaji ya Wadarizi wa Kanyenye

Ipuli, Tabora
27 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limepoa na wadogo zangu wamepona kikohozi. Mimi sijambo kabisa. Ninakula, ninalala, ninasoma, na Bi Maua anayenitunza hapa ananihimiza niwahi misa kila Jumapili, ingawa yeye ni Mwislamu. Anasema hataki uje useme kwamba alimpotezea mwanao dini.

Jirani yetu Silasi alipokuja mjini kununua vipuri vya baiskeli alinifikishia maneno yako yote. Amenieleza kwamba Baba ameiambia halmashauri ya kigango kuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio atamkabidhi msaidizi wake Zablon kitabu cha masomo, na baada ya hapo hatasimama tena mbele kusoma, baada ya miaka ishirini na miwili ya ukatekista. Amenieleza pia kwamba Baba hasemi sababu, kwamba wewe unadhani wamegombana na Zablon, na kwamba siku hizi ana hasira hata chai anaimimina nje ya kikombe. Umeniuliza kama aliniambia neno lolote nilipokuwa likizo. Nitakujibu, Mama. Ila nivumilie kwanza nikueleze kazi niliyoifanya hapa, kwa sababu bila hiyo jibu langu halitaeleweka. Nimemwomba Silasi akupe barua hii mkononi, asimpe kaka Jonasi, maana unajua Jonasi akisoma barua majirani wote wanapata habari.

Unakumbuka nilikuambia kwamba Bi Maua ana kikundi cha wanawake wanaodarizi kofia kwenye kibaraza cha nyumba ya marehemu mama yake, Kanyenye. Wako kumi na mmoja. Mwezi wa nane lilikuja shirika moja likasema litasaidia vikundi vya ufundi, lakini kila kikundi kiandike barua kwa Kiingereza kueleza mahitaji ya kila mwanachama. Bi Maua aliwaambia wenzake kwamba ana binti wa kidato cha tatu nyumbani, kwa hiyo barua ni kama imeshaandikwa. Mama, niliogopa, lakini nilifurahi pia.

Jumamosi hiyo nilikwenda na daftari langu, nikawapitia mmoja mmoja na kuwauliza wanahitaji nini. Wote walimshukuru Mungu. Mmoja alisema hana shida. Wa pili alisema uzima ndio kila kitu. Mama Doto, ambaye hudarizi karibu kabisa na mlango ili apate mwanga, alinijibu kwamba yeye hajambo, labda niwaulize wenye shida. Niliandika kwa uaminifu yale niliyoambiwa. Jumatatu nilimpelekea Mwalimu Adinani, anayetufundisha Kiingereza, anisahihishie. Alisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Aliniambia kwamba shirika likipata barua hii litatuma hongera tu.

Niliporudi na habari hiyo Bi Maua naye alicheka, kisha akanieleza kosa langu. Alisema wazee wake walifika Tabora wakiwa wapagazi kwenye njia ya kwenda Ujiji, na bibi yake alimsimulia kwamba mpagazi hakusema mwenyewe kuwa mzigo umemzidi. Aliyetembea nyuma yake ndiye aliyeona magoti yakitetemeka, naye ndiye aliyepaza sauti ili msafara usimame. Kwenye kikundi chao wameendelea hivyo hivyo. Mtu hajiombei, anaombewa na aliyekaa kushoto kwake. Nilikuwa nimewauliza vibaya.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimwuliza kila mmoja habari za mwenzake, na Mama, laiti ungekuwepo. Walisema mpaka mkono wangu ukachoka. Walisema Mama Doto anahitaji taa, maana jua likizama kidogo anaanza kudarizi vidole vyake. Walisema Najiat amekalia ndoo iliyopinduliwa tangu mwaka juzi, na siku ndoo ikipasuka itabidi wamshone yeye badala ya kofia. Najiat alijibu kwamba wanaionea wivu ndoo yake. Kila aliyesemewa aliangalia chini na kukataa kidogo, lakini hakuna aliyeniambia nifute.

Hapo ndipo Kiingereza kilipotusaidia. Mwalimu Adinani alinionyesha kwamba kwa Kiingereza uhitaji unaweza kuandikwa kama kitu chenye mwenyewe, kama vile kiti au sufuria. Unaanza na jina la mtu, unaonyesha kwamba uhitaji ni wake, halafu unaweka neno dogo la kuelekeza, na baada yake ndipo kinakuja kile kinachotakiwa. Kwa hiyo niliandika "Mama Doto's need for a lamp", yaani uhitaji wa Mama Doto wa taa. Hata sisi tunasema mtu ana haja ya kitu, lakini mara nyingi tunasema tu nahitaji, na lazima awepo mtu wa kulitamka. Kwa njia ile ya Mwalimu, Mama Doto hakulazimika kuomba chochote. Jina lake liliwekwa, na uhitaji wake ukawekwa pembeni yake. Kuna pia namna nyingine, ya kusema mtu yumo ndani ya uhitaji, "in need of". Hiyo nilikosea mara tatu kwa kusahau neno dogo la mwanzo, na Mwalimu alinirudisha mara tatu.

Nilipowasomea wanawake majina yao yote kumi na moja, na kuwafasiria, waliacha kudarizi. Bi Maua alisema amekaa na wenzake miaka tisa na hajawahi kusikia mambo yao yote yakisomwa pamoja. Nikafunga daftari. Akaniambia nilifungue tena, kwa sababu mwandishi naye amekaa kibarazani, na aliyekaa kushoto kwake ni yeye Bi Maua. Wengine wakaanza kunisemea. Mmoja alitaja viatu vya shule, mwingine godoro, Najiat akasema ninahitaji mwili, kwa kuwa nimekonda kama sindano. Bi Maua aliwanyamazisha. Alisema kwamba tangu nirudi kutoka likizo kila Jumamosi jioni ninakuwa kama mtu aliyeacha chungu motoni, na kwamba yeye angeandika kitu kimoja tu, nacho ni kutuliwa mzigo wa siri niliyoibeba.

Mama, nililia mbele ya wote. Kisha nikasema. Sasa nakuambia wewe, ambaye ulistahili kuambiwa wa kwanza.

Baba haoni. Jicho la kulia limefunikwa na ukungu mweupe, na la kushoto linaona vivuli tu. Likizo ya mwezi wa sita, kila Jumamosi aliniita nyuma ya banda la kukaushia tumbaku, akanipa kitabu, nikamsomea masomo ya kesho yake mara nne, mara tano, mpaka akayashika yote moyoni. Jumapili alisimama akafungua kitabu, akayatamka, na ninyi wote mkadhani anasoma. Aliniapisha nisikuambie. Alisema umebeba mengi, na katekista asiyeona ni mzigo kwa kigango. Nilipofunga safari ya kurudi shule alinishika mkono akasema tutaonana Desemba, na mimi nikajua kwamba hatakuwa na mtu wa kumsomea, na kwamba atabaki na yale tu anayoyakumbuka ya miaka ya nyuma. Hakugombana na Zablon. Hana hasira na wewe. Chai inamwagika kwa sababu hakioni kikombe.

Nilivunja kiapo changu kibarazani, na kwenye mstari wa mwisho wa barua nikaandika uhitaji wa Baba wa kutibiwa macho, kwa jina lake la ubatizo, Teofili. Niliungama kwa padre Jumamosi iliyopita, lakini kwako bado naomba msamaha.

Wiki hii jibu limekuja. Viti na taa vitaletwa. Kuhusu Baba, mama mmoja wa shirika aliandika kwamba wao hawashughuliki na macho, ila anawafahamu madaktari wa macho watakaokuja hapa mjini, naye amewapelekea jina lake. Watampima Jumanne, tarehe 12 Novemba, saa mbili asubuhi. Ukungu wa namna hiyo mara nyingi unaondolewa kwa siku moja. Hawakuahidi, na mimi sitaki kuahidi zaidi yao.

Najua atasema mvua imekaribia na miche ya tumbaku inasubiri kuhamishiwa shambani. Jonasi anaweza kuihamisha. Naomba umlete wewe mwenyewe, Mama, mfike Jumatatu. Bi Maua amekwisha kufua mashuka na ameulizia kama Baba anakula wali wa nazi. Usimdanganye kwamba mnakuja kuniangalia mimi. Mwambie kweli, na mwambie kwamba niliisema mimi. Akikasirika, aje na hasira yake yote. Mimi nitakuwa nimesimama stendi, nitamshika mkono ashuke.

Wasalimie wadogo zangu na Jonasi. Bi Maua anakusalimu sana, na wadarizi wote wanakutakia safari njema. Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Esperansi